Waridi la Asubuhi, Yasmini ya Jioni

Birere, alasiri, kabla hujarudi nyumbani

Zaina mwanangu,

Umeenda Mabanga kuwaona rafiki zako, na mimi nimeegesha mlango wa duka ili wateja wadhani niko kwenye swala. Mungu anisamehe, alasiri nimeshaiswali zamani. Nataka kukuandikia kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi tutaanza tena kubishana, na nikibishana na wewe husema neno la kwanza linalonijia mdomoni, kisha nashinda nikilijutia. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Habari za pasipoti, karatasi ya chanjo na pesa za kushonea ndani ya nguo sitazirudia. Shangazi yako wa Dar amekuambia kwa simu, majirani wamekuambia, hata yule kijana wa moto anayekubeba kwa pikipiki yake hadi sokoni amekuambia. Mimi nataka kuzungumza habari za chupa mbili ndogo nilizoziweka juu ya valise yako, valise ambayo mpaka sasa ninavyoandika iko tupu, haina hata nguo moja.

Najua kwa nini iko tupu. Jana ulisema tena, ukiwa umeegemea rafu na mikono umeikunja, “Mama, miye siendi. Nani atakunusia?” Nikakujibu kwamba duka ni langu na pua ni yangu. Ukacheka kidogo, halafu ukalia, halafu ukaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi. Kama kesho asubuhi basi litaondoka Gisenyi, ng’ambo ya mpaka, bila wewe, chuo cha Dar es Salaam hakitakungoja tena. Walikubali kukusogezea nafasi mara moja, na wamesema waziwazi kwamba hakuna mara ya pili. Kwa hiyo barua hii ina kazi moja. Nataka uende, Zaina.

Sasa turudi kwenye chupa. Yenye uzi mwekundu ni waridi, yenye uzi mweupe ni yasmini, na nyuzi hizo unazijua vizuri kwa sababu ndiwe uliyenifundisha kuzifunga. Nyanya yangu, aliyekuja hapa kutoka Kasongo akiwa na kasha la mafuta kichwani na watoto wawili mgongoni na mkononi, asingekubali nyuzi. Hakuandika kitu kwenye chupa maisha yake yote. Alikuwa akisema mwenye duka asiyejua mafuta yake bila alama, heri auze sabuni. Mimi nilikulia kwenye kiburi hicho, nikakivaa kama kitenge cha sikukuu.

Namna yake ya kufundisha unaikumbuka, maana nami nilikufundisha hivyo hivyo. Tone moja kwenye kitambaa, unanusa, unakiweka mfukoni, unakwenda kuchota maji, unarudi unanusa tena, unapika, unanusa tena, unalala nacho. Mafuta husema uongo mwanzoni, kesho yake ndipo yanasema kweli. Kwa hiyo nitakuelezea mafuta haya mawili kama yanavyokuwa kuanzia tone la kwanza hadi kesho yake, kabla sijaanza kuyasahau. Hilo nalo ninaliogopa. Kila asubuhi, kabla hujaamka, nalala chali na kujikumbusha harufu moja moja, na siku nyingine nalifikia waridi nikakuta limebaki jina tu.

Waridi ukilifungua, kwanza unakutana na ubichi, jani lililovunjwa na maji baridi. Utamu unakuja nyuma yake polepole, na ni utamu wa asali, si wa sukari. Baada ya saa kadhaa kuna kitu kidogo kinachowasha puani, karibu na pilipili manga, na kesho yake kitambaa kinabaki na harufu ya nguo safi iliyokaa kabatini. Ni harufu ya mtu aliyetulia. Ndilo tunalonyunyizia watu kwenye maulidi, ndilo tunalowapaka wafu wetu, na nyanya alikuwa akilipaka akiitwa kuamua ugomvi wa ndugu. Hapa kwetu, wakati wa mvua, baridi inalificha. Ukilipaka kwenye mkono tu utakuwa umepoteza bure, lazima uliweke kifuani chini ya sweta, lipate joto lako. Kiangazi, vumbi jeusi la volkano likiwa linaingia hadi kwenye sukari, ndipo linapopendeza, hasa asubuhi kabla jua halijawaka.

Yasmini haina haya hata kidogo. Inaingia mlangoni kabla yako na inabaki ukishatoka. Ina utamu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi, na chini yake kuna kitu cha joto, harufu ya shingo ya mtu aliyetoka kulala. Watu wengi hawajui jambo hilo la pili, wanasikia utamu tu na kusema ni ya wasichana. Kwa bibi-arusi tunaipaka nyuma ya masikio na kwenye mishono ya nguo, na chumba kizima kinajua kilicho karibu kutokea. Baridi ya Goma inaiadabisha. Jioni ya mvua, kitenge kizito, tone moja la yasmini, huwezi kukosea. Kwenye joto inapiga kelele, na huko unakokwenda ni joto. Ukiipaka saa sita mchana ukapanda gari la abiria, utapata kiti kizima peke yako.

Mimi nilipokuwa na umri wako nilidhani waridi ni la vikongwe. Siku nilipopelekwa kwa mama mkwe wangu mara ya kwanza nilijipaka yasmini, na si tone, nilijipaka kama ninapaka mafuta ya ngozi. Mama yule alinipokea vizuri, akaniketisha, akaniletea chai. Halafu akainuka akafungua dirisha. Tukazungumza kidogo, akainuka akafungua la pili. Kulikuwa na mvua ya upepo na maji yakawa yanaingia hadi kwenye mkeka, na yeye akanimiminia chai nyingine. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa na nyanya yangu akacheka hadi akashika mbavu. Aliniambia tu, siku nyingine ukienda mahali ambapo hawakujui, waache wakujue wewe kwanza.

Baba yako lakini aliipenda yasmini. Enzi hizo alikuwa anaendesha lori la njia ya Butembo, na nikisikia amefika Kibumba najipaka, ili harufu itulie kidogo kabla hajaingia. Hapo ndipo nilipoanza kuichanganya na sandali kidogo sana, ili ile kelele yake ishuke na lile joto la chini lipande. Mchanganyiko huo ulikuwa wangu. Kivu yote hakuna mtu mwingine anayeufanya, na sikumpa mtu hata tone, mpaka siku ile.

Habari hii hujawahi kuisikia kwangu, ingawa najua umeisikia nusunusu kwa majirani. Baba yako alikuwa ameanza kazi mpya ya kupeleka bidhaa Kindu. Akaja hapa dukani, akasimama pale unaposimama wewe, akasema, “Nipatie chupa moja ya muzuri sana, ni ya bibi ya patron. Alinisaidia kupata kazi.” Nilifurahi! Kwa furaha hiyo nikamjazia mchanganyiko wangu wenyewe, nikaufunga kwa utepe, nikamwambia amsalimie sana mke wa bosi. Muda ukapita. Amu wa baba yako akafariki hapa Goma, watu wa Kindu wakaja msibani, na mwanamke mmoja mnene, mpole, mwenye macho mazuri, akainama kunisalimu. Nikasikia harufu yangu shingoni mwake.

Nilicheka, Zaina, katikati ya msiba. Wanawake wakadhani uchungu umenizidi, wakanishika huku na huku wakinipepea. Nilikuwa nimemchagulia mke mwenzangu manukato kwa mkono wangu mwenyewe, na nikamfungia na utepe. Jioni baba yako alikuja kueleza, na alieleza kwa heshima, hakupandisha sauti, na sheria ya dini ilikuwa upande wake. Sasa yuko Kindu na nyumba ile, anatutumia salamu na kitu kidogo, na kufungwa kwa barabara kila mwaka kunampa sababu nzuri ya kutokuja. Simchukii. Nimejaribu, lakini kazi hiyo inachosha.

Kosa langu lilikuja baadaye. Niliacha kuipaka yasmini. Nilimwachia mwanamke yule harufu ambayo mimi ndiye niliyeitengeneza, kana kwamba Mungu ameumba tone moja tu na yeye kalichukua. Miaka yote uliyokua wewe nilipaka waridi peke yake, asubuhi na jioni, harusini na msibani, mpaka watu wakaanza kuniita Mama Waridi, na mimi nikajifanya napenda. Siku moja ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini nauza kitu nisichokitumia. Nilikukemea. Ungekuwa umeniuliza leo ningekujibu kwamba nilikuwa namkomoa mtu aliyeko Kindu ambaye hata hajui kama anakomolewa.

Na nilipoamua kuirudia, pua ikaondoka. Hilo ndilo linaloniuma usiku. Nilikuwa nimeshaamua kabisa, nikanunua kitenge kipya kwa ajili ya harusi ya jirani yetu, nikasema siku hiyo nitajipaka mchanganyiko wangu hadharani. Ikaja ile homa. Homa ikapona, chai ikawa maji ya moto, mboga ya sombe ikawa majani, na nikifungua chupa ni kama nimefungua chupa ya hewa. Daktari alisema huenda ikarudi na huenda isirudi, akaniandikia vitamini.

Sikukuambia. Nilijiambia nitakuambia kesho. Chupa zangu mbili kubwa zilikuwa za kioo kimoja cha kahawia, hazina alama, nikaanza kuzitambua kwa mahali zilipokaa, waridi mkono wa kulia, yasmini wa kushoto. Wewe, mtoto mwenye bidii, ukapangusa rafu, ukazirudisha bila kujua mpango wangu. Asubuhi yake wakaja vijana wa Mzee Ramazani, fundi cherehani, mzee wa watu, amefariki alfajiri, wanataka kafuri na waridi la kumwoshea. Nikainua mkono wa kulia, nikawajazia, nikakataa pesa yao, nikawaombea subira.

Ulikwenda msibani na wanawake wengine. Nilibaki hapa, na nilikuona ukirudi mbio, mtandio uko begani. Hukunisalimu. Ulichukua ile chupa ya mkono wa kulia, ukaifungua, ukanishikia karibu na pua, ukauliza, “Mama, hii ni nini?” Mimi nikatazama rafu. Nikakujibu, “Waridi.” Ukakaa chini kwenye sakafu, hapo hapo katikati ya duka, na uso uliokuwa nao siku ile sijausahau.

Birere nzima ilizungumza. “Bamemuzika muzee sawa bwana-arusi,” walisema, na wengine walisema kwa kucheka na wengine kwa kutisha, kwamba maiti aliyenuka yasmini atakuja kutafuta bibi-arusi wake. Nilidhani duka limekwisha. Ni wewe uliyekwenda kwa wale vijana kuomba radhi, ni wewe uliyefunga nyuzi, ni wewe uliyeketi kwenye kile kiti kirefu ukaanza kunusa badala yangu. Ukaandikia chuo kwamba mama anaumwa. Watu wakarudi kwa sababu yako. Mimi nikawa mwanamke wa kufunga chupa kwenye gazeti na kurudisha chenji.

Nikuambie ukweli ambao sijakuambia kwenye mabishano yetu. Nilipenda. Uliponiambia kwamba utaahirisha masomo ningeweza kukukataza, na uliningoja nikukataze, nilikuona ukiningoja. Nikasema tu, “Kama unaona vile.” Nilijua nafanya nini. Tangu baba yako aende Kindu nilikuwa nakula peke yangu kila ulipokuwa shuleni, na ghafla nikawa na mtu wa kula naye asubuhi, mchana na jioni, mtu wa kunung’unika naye mvua ikipita batini, mtu anayeniambia ndizi zinaungua kabla moshi haujaonekana. Ugonjwa wangu ulikurudisha kwangu, na mimi nikawa siuombei sana upone.

Basi sikiliza kilichotokea leo, muda si mrefu baada ya wewe kutoka. Ameingia Mama Riziki, mjane wa Mzee Ramazani. Nilipomwona mlangoni nilitaka kujificha nyuma ya rafu, lakini na mwili huu ningejificha wapi. Eda yake imekwisha. Unajua mwenyewe kwamba katika eda mwanamke hagusi manukato wala hanukii, na siku inapokwisha hujipaka tena, na sisi wauzaji tunaiheshimu sana chupa hiyo ya kwanza. Alikuwa amevaa nguo za rangi. Akakaa kwenye kiti chako. Nikaanza kuomba radhi upya, akaniinulia mkono.

“Mama Zaina,” akasema, “nipatie ile balimupakaa muzee.”

Nikamwambia, “Mama, yale yalikuwa makosa. Nitakupa waridi zuri, bila pesa.”

“Najua ilikuwa makosa. Batu bote banajua.” Akakunja kona ya mtandio wake. “Lakini siku ile niliinama nimuage, na alinuka sawa ile siku alikuya kunioa. Mama, mutu amezeeka, amekuwa na makohozi na dawa, miaka yote namusikia harufu ya dawa. Siku ya mwisho bakanirudishia bwana yangu kijana. Eda yote nilikuwa nalala nayo mu kichwa. Sasa nipatie.”

Nililia mbele ya mteja, jambo ambalo nyanya angenifukuza kazi kwa ajili yake. Halafu nikainuka kumjazia yasmini, na nilipokuwa nimeshika chupa nikafikiri, mwanamke huyu hafai kupewa yasmini tupu, kelele yake itamchosha. Anahitaji ile yenye sandali. Na wewe haupo. Na mimi sina pua. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Nikamwambia, “Mama Riziki, njoo hapa unisaidie. Mimi natia, wewe unanusa. Utaniambia nisimame wapi.”

Akaja. Nikatia sandali tone, nikakoroga, nikampa kitambaa. Akatikisa kichwa. Nikatia tena. Akafumba macho, akasema bado kidogo. Nikatia tena, na nikaona mabega yake yakishuka, akasema, “Hapo. Usigeuze tena.” Zaina, mkono wangu ulikuwa umesimama wenyewe pale pale kabla hajasema. Mkono unakumbuka. Nimeuza mchanganyiko wangu leo, bila pua yangu na bila yako, na ameondoka akinuka, nadhani, vizuri kuliko mtu yeyote Goma. Nasema nadhani kwa sababu kitambaa alichokiacha nimekishika hapa tangu wakati ule, nakiweka usoni, na ni kitambaa tu.

Kwa hiyo swali lako la nani ataninusia limejibiwa. Wateja wenyewe watanusa, na watapenda kuulizwa, maana hakuna anayewauliza kitu siku hizi. Nitakosea tena, bila shaka. Nitamuuzia mtu waridi wakati anataka yasmini, atarudi kunitukana, tutakunywa chai. Na chakula nitapikia nje, mahali jirani anaweza kuona moshi, kwa hiyo usiniletee tena ile habari ya kuunguza nyumba.

Sasa ya kwako. Siku za kawaida huko, paka waridi asubuhi, baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Kwenye joto la pwani litafunguka haraka, halihitaji sweta. Usisugue vifundo vya mikono, mbona nakuona kila siku ukisugua kama unawasha moto. Siku ya mtihani waridi tena, kwa sababu yasmini itakufanya ufikirie kila kitu isipokuwa maswali. Kwa shangazi yako, wiki ya kwanza, waridi, na madirisha yatabaki jinsi yalivyo. Ukishazoeleka, jioni, jua likishazama na upepo ukaanza, yasmini, tone moja. Wakati wa masika mvua ikinyesha huko unaweza kutia matone mawili. Ukialikwa harusini yasmini, na usiogope kuwa wewe ndiye unayenukia kuliko bibi-arusi, atasamehe.

Kuna siku moja sijui nikushauri ipi. Itakuja, pengine wiki ya pili, shangazi amelala, chumba si chako, sauti za nje si za Birere, na utajihisi kama umesahauliwa kituoni. Mimi siku za namna hiyo nilipaka waridi ili nitulie, na nilitulia kweli, nilitulia miaka. Pengine wewe ujaribu yasmini. Ipake hata kama hakuna anayekuja, hata kama huendi popote, halafu fungua mlango ukae nje penye watu. Sisemi kwamba inatibu. Nasema tu mimi sikuijaribu, na nimebaki nikijiuliza.

Siku ukimpenda mtu, jipake chochote unachotaka. Lakini usije ukaacha kitu unachokipenda kwa sababu umekisikia shingoni mwa mwingine. Na akikuomba chupa ya bibi ya patron, mfuate kwanza huyo patron umuulize.

Mimi nitakuwa mpweke, sitakudanganya. Ningeandika hapa kwamba nitakuwa na kazi nyingi, kwamba majirani wako, kwamba simu ipo, na yote hayo ni kweli, lakini jioni nitafunga duka, nitapika chungu kidogo, na nitakula kitu kisicho na harufu wala mtu mbele yangu wa kuniambia kama chumvi imezidi. Naujua upweke huo ulivyo, na nakuomba usibaki kwa ajili yake. Ni wangu. Ukibaki, tutakuwa wapweke wawili kwenye duka moja, na mimi nitakuwa nakutazama kila siku kwenye kile kiti nikijua ni nani aliyekuketisha pale.

Sasa nasikia watu wanauliza kama nimefunga, na mmoja anagonga. Nitamaliza.

Asubuhi uliniuliza, kwa sauti ile ya mtu ambaye bado hajaamua, kwamba kama ungekwenda, ungepaka ipi kwa safari. Nilijifanya nahesabu chenji. Jibu ni kwamba upake unayoitaka wewe. Usichague ya kunifurahisha. Kesho pale mpakani nitakukumbatia, nitaweka uso wangu shingoni mwako kama ninavyofanya tangu ulipokuwa mchanga, na sitasikia kitu. Ukiona nachelewa kukuachia, usidhani nimebadili mawazo. Nitakuwa natafuta. Wewe uitoe mikono yangu polepole, uvuke.

Mama yako